Kozi ya onlaini ya UCAT na intavyuu za udaktari Uingereza, uzoefu wangu

Naona kila siku watu wanauliza kama hizi kozi za kulipia zinasaidia kweli au ni kuliwa hela tu, basi ngoja niseme yangu. Jina la kozi naliacha, sitaki ugomvi na mtu. Nilichukua ile pakeji kubwa, maswali ya UCAT (ule mtihani wa kompyuta wa kuchuja wanaoomba udaktari), mitihani ya majaribio na vipindi vinne vya intavyuu kwa video. Nusu nilifaidika, nusu nilitupa.

UCAT yenyewe haikuulizi baiolojia wala kemia, ni kukimbizana na saa. Sehemu ya kusoma na kuelewa ina maswali 44 kwa dakika 22, yaani nusu dakika kila swali na hapo hapo kuna kifungu cha kusoma. Mimi nilianza kama nasoma gazeti, mstari kwa mstari, jaribio la kwanza nikaishia swali la 27. Hapa kozi ilinifaa sana, mwalimu alinilazimisha nisome swali kwanza halafu ndo niwinde neno kwenye kifungu, likigoma bahatisha, weka alama ya kurudi, songa, maana ukikosa hukatwi maksi. Baada ya wiki tatu nikawa namaliza na dakika moja mkononi.

Sasa kero. Maswali yao ya hesabu waliyafanya magumu makusudi, napata alama za kutisha nalala na mawazo, kumbe mitihani ya majaribio ya UCAT wenyewe ipo bure kwenye tovuti yao na ndo inafanana na kitu halisi, na hilo hakuna aliyeniambia mpaka nimeshalipa (wangeniambia wao wauze nini). Halafu bado walikuwa na sura nzima ya mafumbo ya maumbo wakati sehemu ile ilifutwa 2025, siku hizi ni tatu za alama 300 hadi 900 kila moja, plasi ile ya maadili inayopewa bendi 1 mpaka 4. Siku zangu mbili zikaenda kwenye pembetatu na nyota. Na huu mtihani unafanya mara moja tu kwa msimu, fomu ya UCAS (ndiko unakopitia kuomba vyuo vya Uingereza) ya udaktari inafungwa 15 Oktoba na una nafasi ya vyuo vinne tu vya udaktari, kwa hiyo siku mbili ni nyingi.

Intavyuu ndo walinivuruga kabisa. Vyuo vingi wanatumia MMI, unapita vituo kadhaa, kila kimoja dakika chache na msahili wake, huku unaulizwa mambo ya maadili, kule unaigiziwa hali fulani. Kozi wakanipa faili la majibu nikariri. Nikakariri bwana, mpaka pumzi nilijua nivutie wapi. Kituo cha tatu nikamkuta muigizaji anacheza mwanafunzi mwenzangu aliyefeli, kainamisha kichwa, anasema anaacha chuo. Nikatoa ile ya kwenye faili, "naelewa kabisa unavyojisikia." Akanyanyua macho akaniuliza, "unaelewaje, wewe umewahi kufeli?" Faili halikuwa na jibu la hapo. Nilikaa kimya nikaona kama mwaka mzima unapita, nikapiga domo kuhusu kupanga ratiba, kengele ikalia, na chuo kile walinikataa.

Intavyuu ya pili nililitupa faili. Nikamuomba dada yangu, yeye ni muuguzi, kila jioni anajifanya mgonjwa mkorofi, mara ndugu wa marehemu, na mimi kazi yangu ni kusikiliza, kuuliza nini kimetokea na kunyamaza. Alikuwa ananikatisha, "umeshaanza kunihubiria tena." Chuo hicho wakanichukua.

Kwa hiyo mimi ningelipia pakeji ya UCAT peke yake, na hata hiyo baada ya kumaliza vya bure, tena ukague kwanza kama wameisasisha. Ya intavyuu hapana. Vipindi viwili vilibaki sijavigusa, nikaomba wanirudishie hela yake, wakanijibu kwa kunitumia kuponi ya punguzo la kozi ya mwaka ujao. Mwaka ujao! Yaani wananiombea nikataliwe.