Siku 14 za Kukandwa: Tathmini ya Huduma ya Mzazi Nyumbani

Nilipojifungua kifungua mimba wangu, mama yangu alikuwa Tanga akimuuguza baba, na mama mkwe alikwisha kutangulia mbele ya haki. Kwa hiyo nikafanya jambo ambalo bibi yangu angecheka kulisikia, nalo ni kulipia kukandwa. Huduma niliyoichukua hutolewa na mama mmoja mtu mzima wa Tabata, Dar es Salaam, ambaye hana ofisi wala bango, na wateja humpata kwa kuelekezana. Kwa siku 14 alinitoza shilingi 350,000, nauli yake ikiwa humo humo. Mkaa, viungo na kuku wa supu ni juu ya mwenye nyumba.

Swali lake la kwanza, hata kabla hajaketi, lilikuwa kama nimejifungua kwa njia ya kawaida au kwa upasuaji, kwa kuwa aliyepasuliwa hamkandi tumbo wala hamfungi kanga. Nilimwamini tangu hapo. Kila siku alifika saa moja asubuhi, akabandika sufuria kubwa la maji, akanikanda kuanzia mabegani hadi nyayoni kwa taulo nene, kisha akanifunga tumbo na kunikalisha mbele ya kikombe cha uji wa pilipili manga, naye hakuondoka mpaka aone sakafu ya kikombe. Siku ya tatu maji yalikuwa makali mno, nikapiga kelele, akanijibu kwamba mzazi haogopi maji. Alama nyekundu zilikaa pajani siku mbili, na kwa hilo simtetei.

Kasoro kubwa zaidi ilikuwa ya maneno. Siku ya nne maziwa yalishuka, matiti yakawa mawe, nami nikaanza kulia bila sababu niliyoweza kuieleza. Akaniambia ninyamaze, maana machozi ya mzazi huchachusha maziwa. Si kweli: baada ya kondo la nyuma kutoka, homoni za ujauzito hushuka kwa kasi, na kilio cha siku za mwanzo huwapata wazazi wengi, kisha kwa kawaida huisha kabla ya wiki mbili. Lakini mimi wakati ule nilimsadiki, nikawa nalilia bafuni huku bomba likimwaga maji ili asinisikie.

Hata hivyo ni yeye huyo huyo aliyeniuliza jambo ambalo hakuna mgeni aliyeniuliza. Tangu nitoke hospitali nilikuwa nikiitwa Mama Nasra, na wageni walipitiliza moja kwa moja kwa mtoto, kumsifu nywele na kubishana amechukua sura ya nani. Jina hilo ni la heshima, wala silichukii. Ila lilinifikia kabla sijalizoea, kwani mimi, mhasibu wa miaka minane, nilikuwa nikimtazama yule mtoto kama mgeni niliyekabidhiwa, na mwenyewe atarudi kumchukua. Siku ya tisa, akinikausha miguu, bibi akauliza, “Na wewe mwanangu, kwenu wanakuitaje?” Ilinichukua muda kujibu. Kuanzia hapo, mbele za watu niliendelea kuwa Mama Nasra, lakini mlango wa chumba ukifungwa aliniita kwa jina langu.

Tatizo ni kwamba huduma inakoma siku ya 14, na mzigo wangu ulianza baada ya hapo. Wiki ya tatu sikupata usingizi hata mtoto alipolala, na kuna jioni niliyosimama getini nikiwaza kutoka na kutorudi. Wiki ya sita nikaenda kliniki: mtoto akapimwa uzito, akachanjwa, kadi ikajazwa, mimi nikaulizwa kama nanyonyesha, tukaambiwa tarehe ya kurudi. Aliyeniokoa ni rafiki yangu muuguzi, aliyenikalisha na maswali 10 ya kipimo cha sonona ya baada ya kujifungua kiitwacho Edinburgh, kilichochapishwa mwaka 1987, ambacho humwuliza mama kuhusu siku 7 zilizopita: kama amecheka, kama amejilaumu bure, na mwishoni kama amewaza kujidhuru. Nilipata 14 kati ya 30, naye akanipeleka kwa daktari siku iyo hiyo. Likizo yangu ya uzazi ya siku 84 iliisha nikiwa bado nahudhuria matibabu.

Simdai bibi awe daktari. Ninachosema ni kwamba hakuna mwingine anayemwona mzazi kila asubuhi, akiwa hana nguo wala la kuficha, na mtu wa namna hiyo akijua tofauti ya kilio cha wiki ya kwanza na ukimya wa wiki ya nne, atawatuma wengi hospitali mapema. Nilimwambia hivyo kwa simu. Alinyamaza kidogo, akasema amewahi kuwa na mzazi mmoja aliyenyamaza vile, na kwamba alidhani ni uchovu.

Sasa nina ujauzito wa miezi saba, na tumekwisha kukubaliana shilingi 400,000: siku 7 mfululizo, kisha mara mbili kwa wiki hadi arobaini itimie. Kulia ruksa, na maji nitayapima mwenyewe.