TAHADHARI: Programu ya duka inayouzwa kwa ahadi, na wateja wake wamefungwa midomo

Wafanyabiashara wenzangu wa Dar es Salaam, hasa wa vifaa vya ujenzi, maduka ya dawa na maduka ya jumla, naomba msome hili mpaka mwisho kabla hamjatoa hela. Kuna kampuni inapita madukani ikiuza programu ya kusimamia mauzo, stoo na madeni. Mimi nimeshawalipa shilingi 2,300,000 kwa awamu tatu, na leo ninavyoandika nimerudi kwenye daftari la kaunta. Jina lao silitaji hapa kwa sababu malalamiko yangu nimeyapeleka Tume ya Ushindani, FCC, na nataka yasikilizwe huko kwanza. Lakini mwenendo wao nitaueleza wote, ukikutana nao utawajua.

Walinikuta dukani Mbagala Rangi Tatu, Oktoba 2023. Vijana wawili, wasafi, fulana zenye nembo, kishikwambi mkononi. Wakati huo nilikuwa nimefungua duka la pili Kongowe, analisimamia mdogo wangu, na kila usiku ilibidi anipigie simu anisomee daftari mstari kwa mstari: nondo ngapi, saruji mifuko mingapi, nani kakopa. Wale vijana walinisikiliza vizuri. Wakaniahidi mambo matatu. Kwanza, programu inauza hata intaneti ikikatika, ikirudi inajipanga yenyewe. Pili, nitaona maduka yote mawili kwenye simu moja. Tatu, itaunganishwa na risiti za TRA, mamlaka ya mapato, ili nisiingize mauzo mara mbili, kwenye programu na kwenye mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi. La kwanza wakasema lipo tayari. Mawili yaliyobaki yako kwenye toleo jipya, linatoka Januari.

Nikalipa 1,200,000 ya kufungiwa na leseni ya mwaka, na 400,000 ya tawi la Kongowe. Ndiyo, nililipia tawi ambalo programu yenyewe ilikuwa haijaweza kulihudumia. Nilimwamini mtu aliyenitazama usoni akanitajia mwezi.

Januari 2024 ikapita. Nikapiga simu, nikaambiwa mgao wa umeme umewachelewesha mafundi. Sikubisha, mgao ulikuwepo kweli, sisi wenyewe tulikuwa tunakata bati kwa kubahatisha saa. Machi wakasema wiki mbili. Mei kebo za baharini zikakatika, intaneti ikasumbua nchi nzima, na hilo nalo lilikuwa kweli. Ila kebo zilitengenezwa, benki zikarudi, miamala ikarudi, wao hadi Agosti bado wananitajia kebo. Kila mwezi napigwa kalenda. Kila toleo "liko kwenye majaribio". Yule kijana aliyekuja kuwafundisha wauzaji wangu alikuwa muungwana na alijitahidi, simlaumu. Naye alikuwa anaambiwa hayo hayo tunayoambiwa sisi.

Kuchelewa peke yake ningevumilia. Fundi anaweza kukuchelewesha mlango na bado akawa fundi mzuri. Kilichonifanya niandike ni hiki.

Jumamosi moja ya Agosti, saa nne asubuhi, duka limejaa. Akaja fundi mmoja mzee ambaye ni mteja wangu tangu 2016, mtu wa kukopa na kulipa bila kukumbushwa. Alikuja na hela zake ndani ya bahasha ya khaki, kalipwa na tajiri wake, anataka kufuta deni. Binti wa kaunta akafungua programu, akamsomea: 624,000. Mzee akanyamaza. Akaziweka hela kaunta, akazihesabu mbele yetu, 312,000, akanigeukia: "Mwanangu, kwani mimi nilibeba mara mbili?" Watu wote wanatazama. Nikafungua lile daftari la zamani ambalo nashukuru Mungu sikulitupa. 312,000. Saini yake ipo pale. Nilimwomba radhi mbele za watu, akasema yameisha, lakini bahasha aliikunja taratibu sana, na tangu siku ile akija analipa taslimu. Hakopi tena kwangu.

Jioni tukaanza kukagua. Mifuko 40 ya saruji tuliyouza imeandikwa 80. Bati geji 30 zilizopo stoo, programu inasema zimeisha. Siku moja programu ilionyesha mauzo ya milioni 4.1 wakati ripoti ya Z, ile ya jumla ya mauzo ya siku inayotolewa na mashine ya EFD, inasema milioni 2.9. Fikiria ofisa wa TRA anaingia dukani siku hiyo na kuomba kuona vyote viwili. Utamwelezaje kwamba hukuficha mauzo, ni programu iliyozidisha? Huo ndio mtego wanaokuwekea bila wewe kujua.

Mpwa wangu anasoma mambo ya kompyuta chuoni. Alikaa na simu ya kaunta nusu saa tu. Akazima intaneti, akauza msumari kilo moja, akawasha, akazima tena katikati, akawasha. Kilo moja ikawa mbili. Akanieleza kwa lugha ninayoielewa: simu inapeleka mauzo kwenye seva, yaani kompyuta kuu ya kampuni, seva inayapokea, lakini mtandao unakatika kabla jibu halijarudi. Simu inadhani hayakufika, inayapeleka tena, na seva inayahesabu upya. Dawa yake inajulikana siku nyingi: kila mauzo yapewe namba yake palepale kaunta, na seva ikiiona namba ileile mara ya pili iikatae. Akasema hili si jambo la kusubiri toleo jipya mwaka mzima.

Nilifurahi, nawaambia ukweli. Nilidhani nimewapatia msaada. Kulikuwa na kundi la WhatsApp la wateja, tulikuwa zaidi ya mia. Mwanzoni kundi lile lilikuwa zuri kuliko hata programu yenyewe. Mwenye duka la dawa wa Temeke anauliza, wa Tegeta anamjibu, saa mbili usiku tatizo limeisha. Watu walipoanza kuulizia toleo la Januari, wakalifunga, wakawa wanaoandika ni wasimamizi tu. Salamu za sikukuu, matangazo ya bei, picha za wateja wapya wanapeana mikono. Wiki ile baada ya mambo ya yule mzee walilifungua kwa muda ili tupige kura ya rangi ya nembo mpya. Nikatumia nafasi hiyo. Nikaandika maelezo ya mpwa wangu kama yalivyo, kwa adabu, sikumtukana mtu, nikaweka na picha za skrini.

Watu watatu wakajibu papo hapo: "Na mimi hivyo hivyo." Mmoja akaanza kuandika, nikaona jina lake linaandika. Kisha maelezo yangu yakafutwa. Kabla sijauliza, nikatolewa kwenye kundi.

Nikaenda kwenye kurasa zao za mtandaoni, nikaandika lile lile. Likafutwa ndani ya saa moja, yakabaki maoni ya pongezi peke yake. Nikafungua lalamiko ndani ya programu, kuna sehemu ya "Tuambie". Baada ya dakika ishirini likaja jibu, neno moja: "Limeshughulikiwa." Asubuhi kilo moja ya misumari bado ni mbili. Nilipopiga simu, dada wa huduma kwa wateja akaniambia kuzungumza na fundi moja kwa moja ni kwa wenye kifurushi cha juu. Yaani hata kuwaeleza kosa lao nilipie.

Mtaniuliza kwa nini Novemba 2024 nililipa tena 700,000 ya mwaka wa pili. Swali la haki. Nililipa kwa sababu kumbukumbu zangu zote ziko kwao: madeni ya mwaka mzima, majina na namba za simu za wateja wangu, bei za manunuzi. Leseni ikiisha unafungiwa usione chochote. Niliomba wanipe kumbukumbu zangu kwenye jedwali la kawaida nikaambiwa ni huduma ya kulipia, 300,000, na itachukua wiki mbili. Hizo wiki mbili zao nazijua. Na sheria ipo, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na ina Tume yake. Zile namba za simu si mali ya kampuni. Wateja wangu walinipa mimi kwa kuniamini.

Januari 2025 nilifunga duka mchana, nikapanda daladala mpaka Makumbusho, nikatembea hadi ofisini kwao. Nilikaa mapokezi saa mbili na dakika kumi. Meneja akanipokea vizuri, maji ya baridi, "karibu mama, pole kwa usumbufu". Akasema kampuni iko tayari kunirudishia 500,000. Akatoa karatasi mbili zilizobanwa pini na kalamu juu yake. Nilisoma taratibu kwa sababu nimeshajifunza. Kifungu cha nne kilisema nitafuta kila nilichowahi kuandika kuhusu kampuni na sitazungumzia huduma zao popote, kwa maandishi wala kwa mdomo. Nikamuuliza, "Na wenzangu walioko kwenye kundi, wanaohesabiwa deni mara mbili, nani atawaambia?" Akasema hilo litatatuliwa kwenye toleo jipya.

Laki tano kwangu ni hela. Ni ada ya mtoto. Nilishika ile kalamu, siwafichi. Nikamkumbuka mzee na bahasha yake, nikairudisha mezani.

Sasa ninyi ambao hamjalipa. Wakija, msiwaombe wawaonyeshe wateja wao, maana watakupeleka kwa waliokwisha wapanga. Mtafute mwenyewe mtu anayeitumia mwaka mzima, muulize akiwa peke yake. Omba kuingizwa kwenye kundi lao la wateja kabla hujalipa hata shilingi, na ukiingia tazama jambo moja tu: wateja wanaongea? Kundi la wateja mia lisilo na swali hata moja, ujue limefungwa. Mimi naliona hili kuwa kubwa kuliko bei na kuliko uzuri wa skrini. Programu yoyote itakuwa na kasoro, hata za nje zina kasoro. Zinatibika kwa sababu mwenye duka anasema na mtengenezaji anasikia. Anayewanyamazisha wateja hana njia ya kujua kinachoharibika, na hata akijua hana anayemsukuma.

Lile jaribio la mpwa wangu lifanye mbele yao. Zima data, uza kitu, washa, zima katikati, washa tena, kisha hesabu. Dakika tano. Waambie pia wakutolee kumbukumbu zote kwenye jedwali palepale, bure, ukiwa nao. Wakianza kusema "hiyo itakuja", rudisha pochi. Usilipie kinachokuja. Lipia kilichopo, na kinachokuja kiandikwe tarehe na kwamba isipofika wanarudisha kiasi gani.

Na risiti. Hili lilinipita na linaniuma. Watu wanaoniuzia programu ya risiti za TRA hawakunipa risiti ya EFD hata mara moja. Nilibaki na ujumbe wa simu tu, na jina lililotokea nilipolipa kwa lipa namba lilikuwa la mtu, si la kampuni. Jina la kampuni unaweza kulitazama BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa mtandao kabla ya kulipa. Likitofautiana na jina linalopokea hela, simama hapo hapo.

Walio ndani tayari, msitupe daftari. Kila jioni linganisha programu na ripoti ya Z, na ukiona tofauti, piga picha vyote viwili siku hiyo hiyo, na tarehe ionekane. Madeni yanakilini kwa mkono sasa hivi, kabla leseni haijaisha. Msisubiri siku ya mwisho kama mimi. Mkiletewa karatasi ya kurudishiwa hela, isomeni mpaka kifungu cha mwisho, na mwombe kwenda nayo nyumbani. Kwangu walikataa nisitoke nayo, ndiyo maana sina nakala.

Mpaka sasa nimewapata wenzangu kumi na mmoja waliotolewa kwenye kundi lile kama mimi, kuanzia Mbagala, Temeke, Gongo la Mboto mpaka Tegeta. Wawili ni wenye maduka ya dawa, na kwao dawa zilizoisha zinaonekana zipo, jambo linalotisha zaidi ya saruji. Tunakusanya ushahidi wetu uwe faili moja. Kama nawe ulifutiwa au ulitolewa, niandikie ujumbe wa faragha, uniambie ulilipa lini, uliahidiwa nini, na una picha gani. Jumatatu ijayo saa tatu asubuhi tunaenda FCC kwa pamoja kuongezea kwenye lalamiko langu.