Mwaka mmoja na nusu na mtambo wa biogesi, Wete

Ni mwaka mmoja na nusu sasa tangu tujengewe mtambo wa biogesi nyumbani kwetu, nje kidogo ya mji wa Wete, Pemba. Ni kuba la saruji la mita za ujazo 6 lililozikwa nyuma ya banda, na chakula chake ni kinyesi cha ng'ombe wawili wa maziwa tunaowafuga ndani, yapata kilo 30 kwa siku, kinachokorogwa na maji kiasi hicho hicho mpaka kiwe kama uji. Gesi yake huwaka kwa muda wa saa 3 hivi kwa siku, yaani chai ya asubuhi, wali na mchuzi wake. Maharage bado tunayapikia kuni. Mama alisita mwanzoni, kwa kuwa kinyesi ni najisi, akawa anachemshia maji ya kuoga tu, mpaka moto ule wa buluu usiotia sufuria masizi ulipomshawishi.

Kasoro tuliiona Ramadhani. Fundi alikuwa ametueleza kwamba mabaki ya chakula nayo hutoa gesi, na ni kweli, lakini kiasi hakukitaja, nasi tukawa tunamimina kila usiku maganda ya muhogo, futari iliyobakia na hata ndimu zilizokamuliwa. Chakula huchacha upesi kuliko kinyesi, na asidi ikizidi, vijidudu vinavyotengeneza methani, yaani ile gesi inayowaka, hudhoofika. Haikupita wiki mbili shimo la kutokea tope, yaani kinyesi kilichokwisha kutoa gesi, likanuka kama tui lililolala, na moto ukawa hauivishi hata chai. Ilibidi tuache mabaki kabisa mpaka hali ilipotengemaa. Siku hizi natia ndoo ndogo moja, iliyokatwakatwa, isiyo na ndimu wala mbirimbi.

Jengine, bomba la gesi halikuwekewa koki ya kutolea maji ya mvuke yanayojikusanya ndani yake, moto ukawa unatetema. Koki hiyo nimeinunua mwenyewe.

Asiye na ng'ombe wa bandani, au anayechota maji mbali, simshauri kuujenga. Kwangu mimi, tope linalotoka ndilo lililolipa zaidi ya gesi: halina harufu kali ya samadi mbichi, na nikiliweka kivulini, kwa kuwa jua hupoteza naitrojeni yake, ambayo ni chakula cha mimea, mchicha na migomba huonesha tofauti. Jirani mwenye miche ya mikarafuu huja kila Ijumaa na ndoo mbili za kinyesi cha ng'ombe wake, akaondoka na mbili za tope.