Kifumbu cha ukindu na chujio la plastiki: kipi kinachuja kweli?

Kwenye meza za vyombo sokoni, karibu kila chenye matundu huitwa chujio. Hapo ndipo hasara inapoanzia. Kuchuja kunataka kitu cha majimaji. Unga mkavu hauchujwi, unachungwa au kuchekechwa. Mchele unapepetwa kwa ungo. Halafu jiulize unachotaka ni kinachoshuka au kinachobaki juu, maana neno lenyewe linageuka: asali iliyochujwa ni ile iliyopita ikaacha nta, lakini mgombea aliyechujwa kwenye mchujo ndiye aliyebaki na machicha.

Kwa tui tunataka kinachoshuka, na hapa kifumbu, kile kifuko kinachosukwa kwa ukindu (majani ya mkindu) cha kukamulia nazi, hakina mpinzani. Chukua nazi moja iliyokunwa, maji ya vuguvugu kikombe kimoja (kama mililita 250), fikicha kwa mkono dakika mbili, tia kwenye kifumbu, usongoe kwa mikono miwili juu ya bakuli. Maji yasiwe baridi: mafuta ya nazi huganda yakiwa chini ya nyuzijoto 24 hivi, yakabakia kwenye machicha, nawe ukaambulia tui la rangi ya maji ya kuoshea mchele. Hilo la kwanza liweke kando, ndilo tui zito la kutia mwishoni, na ukilitia koroga lisikatike. Rudia na vikombe viwili upate tui jepesi la kupikia.

Chujio la plastiki lenye wavu wa nailoni halisongoleki. Ukikandamiza machicha kwa kijiko, wavu unaachia pale uliposhikizwa kwenye ukingo, na chenga zote zinaingia mchuzini. Kwa chai linatosha, mradi lisiegemee sufuria iliyo motoni. Wali wa biriani ni habari nyingine: pale unataka punje zibaki juu, kwa hiyo nunua chujio kubwa la bati lenye matundu mapana. Kifumbu huko kinazibwa na wanga.

Kifumbu nacho kina kasoro zake. Kilichopambwa kwa ukindu wa rangi huchuja, kwa maana ile ya kanga mpya ndani ya beseni: rangi inatoka, tui jeupe linakuwa la waridi. Chagua kisichotiwa rangi, kiloweke usiku kucha, kisha kikamulie machicha yaliyokwisha kutumika kabla hujakitilia nazi ya kula. Kila baada ya kazi kipindue, kisugue kwa maji ya moto ili mafuta yatoke kwenye misuko, ukianike juani. Sabuni ya harufu usiisogeze, ukindu unainywa. Kikihifadhiwa kibichi kinafanya ukungu, na mafuta yaliyojificha yanachacha; harufu hiyo haitoki tena, kitupe.

Nyumba inayopika nazi kila siku inunue vifumbu viwili, kimoja kikauke kingine kikiwa kazini.