Kabati la sinki la kubeba granaiti: anza na mbele ya sinki

Msomaji wa Ipagala, hapa Dodoma, amenitumia picha ya kaunta iliyopasuka mbele ya sinki, ufa umeanzia kona ya tundu mpaka ukingoni. Fundi kamwambia jiwe lilikuwa bovu. Hapana, jiwe halina kosa, na malalamiko ya aina hii yamekuwa mengi mno.

Granaiti ya sentimita 2 ina kilo 54 hivi kwa mita ya mraba. Ya sentimita 3 inavuka 80. Kabati lililosimama sawa linabeba uzito huo. Hatari iko kwenye ule ukanda mwembamba unaobaki mbele ya sinki tundu likishakatwa, mara nyingi vidole vinne tu. Chini yake mafundi wengi hawaweki kitu, au wanalaza ubao bapa. Mwambie fundi ausimamishe kwa ubavu, mmoja mbele na mmoja nyuma ya sinki, uingie kwenye miguu ya kabati kwa ulimi, yaani ncha iliyochongwa ikachomekwa kwenye tundu la mguu, sio kwa misumari mitupu. Ubao uliolazwa unabonyea, na jiwe halibonyei nao, linapasuka. Kama sinki linafungwa chini ya jiwe, lipewe mbao zake za kulikalia. Likijaa linaweza kubeba lita 30 za maji, na gundi peke yake si ya kuaminiwa hapo.

Kwa kabati lenyewe, chaguo langu la kwanza ni mninga mkavu. Hauchezi sana misimu ikibadilika, mchwa wanauogopa, skrubu inashika. Weka kiganja kwenye ubao: ukiusikia wa baridi kuliko mbao za jirani, bado una maji, hata muuzaji aape vipi.

Pili, fremu ya skwea paipu iliyochomelewa na kupakwa rangi ya kuzuia kutu, hasa kwenye maungio, maana kutu huanzia hapo.

Tatu, plaiwudi ya marini, ile ya kuhimili maji, ya milimita 18. Nenda dukani na rula, kwa sababu "18" ya mdomoni na ya kwenye rula ni vitu viwili. Kingo zote zipakwe vanishi kabla jiwe halijapanda. Tofali na zege vinabeba chochote, ila siku ya kuhamisha bomba utabomoa. MDF, ule ubao wa nyuzi za mti zilizogandamizwa kwa gundi, chini ya sinki usiweke. Ukingo ukinywa maji unavimba na haurudi.

Silikoni ya kuziba kati ya jiwe na sinki, mimi ni chapa ya Sika tu, ile isiyonuka siki. Inayonuka siki ina asidi na inaweza kuacha doa kwenye jiwe.

Na wauza mawe! Dodoma tumezungukwa na vilima vya granaiti, bado tunatozwa usafiri wa lori kutoka Dar es Salaam, hata kwa bamba lililokuwa limeegemea ukuta wa duka muda wote. Wanakulipisha bamba zima, wanakulipisha kukata tundu, halafu kipande kilichotoka tunduni wanabaki nacho. Ni chako, umekilipia. Kiandikwe kwenye risiti kabla hujatoa malipo ya awali.