Thonny: kihariri cha Python ninachokipendekeza kwa wanaoanza sekondari

Kumfundisha mwanafunzi wa sekondari kuandika mistari ya Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, si kazi kubwa, ataiiga ubaoni. Kazi ni kumfanya aone mashine inafanya nini inapofika kwenye kila mstari. Hapo Thonny imenisaidia kuliko kihariri kingine chochote nilichowahi kutumia darasani.

Ilianzia Chuo Kikuu cha Tartu, Estonia, na ilitengenezwa mahsusi kwa wanaoanza. Ni ya bure, inakubali Windows, Mac na Linux, na inakuja na Python yake ndani. Mwalimu mwenye chumba cha kompyuta za kila umri na intaneti ya kubahatisha anajua uzito wa jambo hilo: unalibeba faili la kuisakinisha kwenye flashi, unapita mashine moja baada ya nyingine, kipindi kinaanza.

Chukua mstari huu, tuseme jumla ilikuwa 10: jumla = jumla + 5. Mwanafunzi aliyetoka kwenye hisabati anaukataa, na ana hoja, maana hakuna namba iliyo sawa na yenyewe ukiiongezea tano. Unaweza kumweleza mpaka kengele ilie. Mimi nabonyeza Ctrl na F5 kuanza ukaguzi wa hatua kwa hatua, kisha F7. Upande wa kulia ndio unaoshughulikiwa kwanza: neno jumla linageuka 10 mbele ya macho yao. Naendelea kubonyeza, 10 + 5 inakuwa 15. Ndipo sasa, kwenye jedwali la vigeu (majina yanayohifadhi thamani) lililo pembeni, thamani ya jumla inabadilika. Wameshaona wenyewe kwamba kulia kunakokotolewa kwanza, kisha jibu linahifadhiwa kwenye jina la kushoto. Nikiweka mstari huohuo ndani ya lupu, yaani sehemu inayorudiwarudiwa, hawahitaji maelezo marefu tena.

Jedwali hilo linafichua na kosa jingine linalowatesa sana. Programu inamwuliza mtumiaji umri kwa amri ya input, mtumiaji anaandika 15, halafu umri + 1 inagoma. Tazama jedwali: 15 imezungukwa na alama za kunukuu. Ni maandishi, si namba. Siku hizi sitoi jibu hilo, namwambia tu mwanafunzi, "Angalia pembeni, umri umehifadhiwaje?" Wengi wanaifikia int, amri ya kugeuza maandishi kuwa namba, bila mimi kuitaja.

Kwenye fanksheni, yaani kipande cha programu chenye jina lake, kila inapoitwa linafunguka dirisha jipya lenye vigeu vyake. Jaribu fanksheni ya faktoriali inayojiita yenyewe, uipe 4 (yaani 4 × 3 × 2 × 1). Madirisha yanapandana, kisha yanafungwa moja moja, kila moja likirudisha jibu kwa lililo chini yake. Nimechora sana mambo haya ubaoni, na nasema bila kusita kwamba madirisha haya yanafundisha vizuri kuliko mchoro wangu wowote.

Mabano au alama za kunukuu zisizofungwa hupakwa rangi papo hapo, msaada mkubwa kwa anayeizoea kibodi.

Mipaka ipo. Ukaguzi huo wa kina ni wa polepole, hivyo usiupeleke kwenye lupu ya mizunguko maelfu. Punguza mizunguko iwe michache au tumia ukaguzi wa haraka ulio kwenye menyu ileile. Ujumbe wa makosa wa Python nao ni wa Kiingereza, ndiyo maana nafundisha NameError, TypeError na IndentationError mapema, kila moja na mfano wake, ili mwanafunzi ausome mstari wa mwisho wa ujumbe badala ya kunyoosha mkono. Na kwa mradi wenye mafaili mengi, wanafunzi wa vidato vya juu nawahamishia kwenye kihariri kikubwa. Wakifika huko tayari wanajua kuufuata mstari mmoja mmoja, na hilo ndilo nililokuwa nalitafuta.

Shule yenye micro:bit au Raspberry Pi Pico, bodi ndogo za kielektroniki zinazoweza kuprogramiwa, itafaidi zaidi. Unachagua bodi kwenye mipangilio, na mwanafunzi anaandika MicroPython, Python ya bodi ndogo kama hizo, kwenye dirisha lilelile alilolizoea, kisha taa inawaka mezani kwake. Kabla ya kipindi cha kwanza, fungua jedwali la vigeu kwenye kila kompyuta, kwa sababu bila hilo nusu ya faida niliyoieleza haitaonekana.