Uzoefu wangu na 2♦ ya Kirumi kwa mikono mizito ya aina tatu

Kwa wenye haraka: 2♦ ya Kirumi, dau la kufungulia mnada katika mchezo wa karata wa briji, naipa nyota nne kati ya tano, kwa sharti kwamba una mwenza wa kudumu. Kama kila wiki unakaa na mtu mpya, basi mbili, na moja ya hizo ni ya heshima tu.

Wacheza briji wanaujua mkono ninaousema. Karata nne nne katika aina tatu kati ya shupaza (♠), kopa (♥), uru (♦) na pau (♣), moja tu katika aina ya nne, na pointi 17 kwenda juu (ree, A, 4; mfalme, K, 3; bibi, Q, 2; ghulamu, J, 1). Unaupanga vidoleni ukitabasamu, kisha zamu ya kunadi ikifika unakwama. Kunadi bila turufu (bila aina inayokula nyingine zote) hakufai kwa sababu ya ile karata moja. Aina ya karata tano huna. Ukifungua 1♦ (ahadi ya kushinda duru saba, yaani sita na moja, uru ikiwa turufu) na mwenzako ana pointi nne, anapasi, gemu (mkataba wenye bonasi, kama 4♠) inapotea. Ukifungua 2♣ ya nguvu (dau la mkono mzito sana wa umbo lolote), anajibu 2♦ ya kusubiri, nawe unalazimika kutaja aina ya karata nne kana kwamba ni tano. Ukija kutaja ya pili mko ngazi ya tatu, na bado hajui una nini. Iko kanuni ya wazee: fungua aina iliyo chini ya ile uliyo na karata moja. Niliifuata muda mrefu. Inakupa dau la kwanza, la pili unajitafutia mwenyewe.

Mimi na shemeji yangu, ambaye ndiye mwenzangu mezani, tukaamua 2♦ ifanye kazi hii peke yake. Haikuwa akili yetu. Imetoka Italia, katika mfumo wa Kirumi waliocheza Giorgio Belladonna na Walter Avarelli wa Blue Team, timu ya taifa ya Italia iliyotwaa Bermuda Bowl, ubingwa wa dunia wa timu, mara 10 kati ya 1957 na 1969. Kwao 2♣ ilitangaza mkono wa aina tatu wa nguvu za kawaida, na 2♦ ule wa pointi 17 hadi 20. Benito Garozzo na Pietro Forquet, wa timu hiyohiyo, walikuwa na 2♦ yao iliyofika hadi 24. Sisi tulichukua ile ya 17 hadi 20, na hapo ndipo nyota moja ilipodondoka, nitaeleza.

Utendaji wake ni huu. Chukua mkono wa ♠ A K 8 4 ♥ 3 ♦ A Q 7 5 ♣ K Q J 6, pointi 19. Unafungua 2♦. Mwenzako ana ♠ J 9 7 5 2 ♥ 8 6 4 ♦ K 3 ♣ 8 7 2, pointi nne tu, mkono ambao wengi wangeupasia 1♦ bila kufikiri. Lakini sasa anajua kwamba una aina tatu za nne nne, kwa hiyo shupaza ina nafasi tatu kati ya nne za kukutana na karata zako nne. Anasema 2♠. Wewe una pointi za juu, unapandisha 3♠. Yeye ana tano za shupaza, anamalizia 4♠. Utapoteza kopa moja, ree ya pau, na pengine bibi ya turufu. Gemu imeingia kwa pointi 23 tu mikono yote miwili, na hakuna aliyekisia.

Je, angeitaja ile aina uliyo na karata moja? Basi unapanda hatua moja kwenda aina inayofuata, naye anachagua. Akisema 2♥ juu ya mkono ule, unasema 2♠, na hata akiwa na shupaza tatu tu anaweza kupasi mkacheza nne kwa tatu. Si raha, lakini si msiba.

Utamu wenyewe uko pale mwenzako anapokuwa na nguvu kidogo. Kwetu jibu la mbili bila turufu ni swali: karata yako moja iko wapi? Unaitaja ngazi ya tatu. Sasa linganisha mikono miwili ya mjibuji. Wa kwanza ni ♠ Q 9 7 2 ♥ 8 6 4 2 ♦ K 6 ♣ A 5 3. Wa pili ni ♠ Q 9 7 2 ♥ K Q J 8 ♦ J 6 ♣ 9 5 3. Yote ina pointi tisa, na pamoja na zile 19 za mfunguaji wetu wa juu, jumla ni 28. Mfunguaji akisema 3♥, yaani kopa yake ni moja, wa kwanza anajua kwamba hana hata pointi moja iliyopotea kwenye kopa: turufu zikigawanyika tatu kwa mbili, duru 12 zinahesabika, slemu (mkataba wa duru 12 kati ya 13) ya shupaza ni halali. Wa pili anaona sita kati ya tisa zake zimelala mbele ya karata moja ya mwenzake, na anaishia 4♠, maana ree mbili ziko kwa wapinzani. Kwa mnada wa kawaida sijaona njia ya kuitenganisha mikono hiyo bila kubahatisha.

Kasoro zake. Ya kwanza, wapinzani nao wanasikia. Mjanja akijua una aina tatu ataanza kwa turufu, na kuirudia kila akishika, ili kukukatia njia ya kula kwa turufu upande ule na huu. Ya pili, uhaba. Umbo la 4-4-4-1 huja katika takriban asilimia 3 ya mikono, na ukitaka pointi 17 au zaidi, hata mkono mmoja kwa 300 haufiki. Jibu lisilotumika husahaulika. Tulilitatua kwa programu ya kugawa karata: unaiwekea masharti ya umbo na pointi, inakugawia mikono hiyo tu, mnanadi mfululizo jioni nzima mkiwa kila mtu kwake. Ya tatu ndiyo ile nyota: zikizidi 20 tunarudi kwenye 2♣ na shida zake zote. Upana wa akina Garozzo unaliziba pengo hilo, ila unahitaji majibu mengi zaidi ya kukariri.

Nimejaribu pia 2♦ ya Multi, ile ya Terence Reese na Jeremy Flint wa Uingereza, ambayo mara nyingi hubeba mkono dhaifu wa kopa au shupaza, na pia huweza kuficha mkono mzito wa aina tatu. Kwenye karatasi inavutia. Mezani mpinzani akiingilia kwa 3♥, mwenzako anadhani una vitu hafifu na hathubutu kukohoa.

Tulichopoteza ni 2♦ dhaifu (dau la mkono hafifu wenye uru nyingi), na sijaililia hata kidogo, kwa kuwa inawaachia wapinzani kopa na shupaza zote mbili kwa bei nafuu. Tulichopata zaidi ni kitu ambacho sikukitarajia: faida kubwa inakuja 2♦ *isipofunguliwa*. Shemeji akifungua 1♦ kwa mkono mzito kisha akaja na 2♥, sina shaka tena kwamba uru zake ni tano za kweli. Mikono ya namna hiyo huja kila wiki.

Jambo moja bado hatujakubaliana. Yeye anataka tuingize na 5-4-4-0, kama walivyofanya Warumi. Mimi nakataa, kwa sababu aliyeuliza akijibiwa 3♥ hatajua kama kopa ni moja au hakuna kabisa, na kwenye slemu tofauti hiyo ni duru nzima. Kwa sasa kadi yetu ya mfumo inasomeka hivi: 4-4-4-1 tu, pointi 17 hadi 20, na ile karata moja ikiwa mfalme au bibi, usiihesabu.